Mwaka Niliosugua Magurudumu ya Mama

Mama alipopewa kipaza sauti kwenye mazishi ya rafiki yake Mama Nekesa, kule Bungoma, alisema sentensi moja tu. "Huyu mwanamke alikuwa ananiambia barabara." Kisha akanyoosha mkono hewani ili mtu ampokee kipaza, na waombolezaji wakaitikia amina, wakidhani ni lugha ya kanisani, kwamba marehemu alimwonyesha njia ya wokovu. Mchungaji mwenyewe aliirudia sentensi hiyo katika mahubiri. Mimi nilikuwa nimemshika Mama kiwiko, nikimwongoza kurudi kwenye kiti chake cha plastiki katikati ya kamba za hema, na nilijua kwamba hakusema kwa mafumbo. Alimaanisha lami. Alimaanisha malori, mashimo, punda waliosimama wakiwaza, na ule mteremko wa kutoka Sachangwan kuja Salgaa ambao hadi leo nikiukaribia viganja vyangu hulowa jasho hata kukiwa na baridi. Kesho yake tulikuwa na safari ya kurudi nyumbani Nakuru, mimi kwenye usukani na yeye kando yangu, na barabara yetu ilikuwa ile ile. Basi nikakaa pale hemani, sahani ya wali na nyama ikipoa mapajani, nikarudi mwaka ule bila kutaka.

Nilikuwa nimemaliza sekondari na ninangoja chuo. Nilikuwa na leseni mpya ya udereva ambayo hakuna aliyeihitaji. Nakuru ilikuwa bado haijaitwa jiji, nasi tulikaa Section 58, katika nyumba yenye geti la kijani, kiwanja kidogo cha saruji, na sebule ambayo nusu yake ilikuwa ya trei za mayai zilizopangwa hadi dirishani. Mama aliwauzia mayai wenye hoteli za Salgaa, kule madereva wa malori wanakoshuka kula chapati mbili na mayai matatu kabla ya kuupanda mlima. Sisi tulikula yale yaliyopasuka. Asubuhi yalikuwa ya kukaanga, jioni yalitiwa kwenye mchuzi wa nyanya, na Jumapili Mama aliyachemsha yale yenye ufa mdogo, ute ukatoka na kufanya pindo jeupe kama la kitambaa cha meza. Gari letu lilikuwa jekundu, lenye buti refu, na kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kuliosha. Mama alilipenda kwa namna ambayo hakukipenda kitu kingine chochote cha nyumba ile. Sofa ziliweza kuchanika. Gari halikuruhusiwa hata alama ya kidole.

Ndiyo maana nilishangaa nilipoona mstari wa kwanza wa kijani kwenye mlango wa kushoto. Ulikuwa wa rangi ya geti letu. Juma lililofuata ukawa na mwenzake. Mama hakusema kitu juu ya mistari hiyo, ila siku moja, tukinywa chai, alisema, "Nyambura, tutafute kitu ya kulinda rangi. Lakini isiwe ya bei ya matajiri." Nikadhani nimemwelewa. Nikadhani anataka kuificha ile mistari.

Tulienda kwenye duka moja la vipuri vya urembo wa magari mjini, chumba chembamba chenye harufu ya raba mpya na manukato ya limau. Kijana wa pale alikuwa na miwani ya jua juu ya kofia na maneno mengi.

"Niaje, siz. Mathe, karibu. Tukusaidie na nini?"

"Nataka rangi ya gari ikae," Mama akasema. "Ikae miaka."

"Umefika. Iko seramiki. Hiyo ukipaka, maji inakimbia yenyewe. Unajua hii vumbi ya magadi inatoka kwa ziwa wakati wa kiangazi? Hiyo ndio inakula rangi ya magari ya Nakuru. Kwa seramiki haishiki."

"Hiyo ni ya magari ya nani?"

Kijana akacheka. "Ya wale wako na magari mapya, sitakudanganya. Halafu gari lazima ilale ndani kwanza, isiguswe na maji mpaka ikauke vizuri."

"Ikilala, mayai yangu itapelekwa na nani? Na kuku?"

Akatuonyesha utando wa plastiki, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, unaovishwa mlangoni ili jiwe likirushwa ligonge plastiki badala ya rangi. Mama alikichukua kile kipande cha mfano akakipapasa kati ya vidole kwa muda mrefu, akikitazama sawasawa mbele ya pua kama mtu anayetazama kupitia bomba.

"Na hii inazuia posti ya geti?"

Kijana alinitazama mimi. "Mathe, posti ya geti inazuiwa na dereva."

Mama alicheka kwanza, kwa sauti kubwa mno kwa duka lile dogo, kisha mimi nikacheka nikiwa nimechelewa. Tulitoka na kopo la waksi, ile ya kupaka kwa mkono, ambayo kijana alisema inatosha mradi nisiwe mvivu: kila mwezi, kivulini, bati likiwa baridi, kwa kitambaa laini kisicho na mshono. Kwa ajili ya magurudumu alitaka kutuuzia dawa kali ya kunyunyiza na kumwaga maji. Nilipoinusa machozi yalinitoka, naye akakiri kwamba ukiisahau kidogo inaila rimu yenyewe. Nikachagua brashi ya nywele laini na sabuni ya kawaida. "Lakini ndoo ya magurudumu iwe kando," alitupigia kelele tukiwa mlangoni. "Ukirudisha hiyo maji kwa mlango, unajikwaruzia mwenyewe."

Sasa ninajua kwamba mtu anayepaka waksi kwa mkono anasoma gari kama mkunga anavyosoma tumbo. Kitambaa kilikuwa kikinasa mahali ambapo jicho halikuona kitu. Nilijifunza kwamba upande wa kushoto, ulio mbali na dereva, ulikuwa umejaa vijikwaruzo, na kwamba upande wa kulia nao ulianza kuvipata. Nilijifunza kwamba rimu za kushoto zilikuwa zimetafunwa na kingo za barabara. Lakini kilichonitia hofu hasa ni vumbi la breki, ule unga unaotoka kila dereva akanyagapo. Mwanzoni mwa mwaka, magurudumu ya mbele yalifika Jumamosi yakiwa na kijivu kidogo, kama jivu la uvumba. Kufikia majira ya mvua yalikuwa meusi ifikapo Jumatano. Mwalimu wangu wa udereva alikuwa na msemo wake: ukitaka kumjua dereva mwoga, usimuulize, angalia rimu zake. Na Mama hakuwa mwoga. Nilimwona akiwatukana madereva wa trela waliomzibia njia, nikamwona akimwambia askari wa barabarani amsalimie mamake. Mguu uliokuwa ukikanyaga breki kutoka Section 58 hadi Salgaa na kurudi ulikuwa mguu wa mtu nisiyemjua.

Kisha lile vumbi likageuka kuwa uji. Lilishikana kwenye matundu ya rimu, jeusi na lenye kunata, na maji yalilikwepa. Nililinusa. Mafuta. Nilifikiri gari linavuja, nikalala chini nikatafuta mahali pa uvujaji, sikuona. Jibu nililipata kwa masikio. Asubuhi moja, kabla jua halijatoka vizuri, nilikuwa jikoni nikichemsha maziwa, dirisha likiwa wazi, nikasikia sauti ya Mama Nekesa uani. Alikuwa jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, mwenzake Mama katika kikundi cha maombi na mwenzake garini, kwa kuwa naye alipeleka sukumawiki Salgaa. Kwa sababu yake nyumba yetu iliongea Kiswahili zaidi ya Kikuyu. Nilichungulia. Alikuwa ameinama kwa shida mbele ya gurudumu, chupa ya mafuta ya upako mkononi, na Mama amesimama nyuma yake ameshika boneti kama mtu anayeshika bega la farasi.

"Bwana," Mama Nekesa alikuwa akisema, "hii macho mbili imechoka. Hizi gurudumu nne ziwe macho. Zione pahali mwenyewe haoni."

"Amina," Mama akasema. Na ile amina ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyechapwa.

Nilisimama pale jikoni hadi maziwa yakafurika. Mama alipoingia nilimtazama kwa mara ya kwanza, namaanisha kumtazama, nikaona jinsi mkono wake ulivyotembea juu ya meza kukitafuta kikombe, kwa utaratibu, kama unafuta vumbi. Nikaona kwamba aligeuza kichwa chote ili aone chumvi iliyokuwa kando ya sahani yake. Nilisema, "Mama, twende kliniki ya macho." Akauliza, "Macho ya nani?" Nikasema, "Tuangaliwe tu, wote wawili." Akasema, bila hasira, "Kunywa chai," na mazungumzo yakafungwa kama duka. Kwetu mtoto hamwambii mzazi kwamba ameisha. Jambo kama hilo husemwa na wa rika lake, na wa rika lake ndiye aliyekuwa akimwaga mafuta.

Nikamfuata Mama Nekesa kwenye kamba yake ya nguo. Nilimwambia mafuta yakifika kwenye sahani za breki, breki hazitashika.

"Sasa nipake wapi?"

"Paka usukani."

"Usukani ikiteleza?" Akaning'iniza shuka, akaniangalia kupitia upenyo wake. "Nyambura, mtoto wangu. Mama yako ataacha siku ile ataacha. Ukimnyang'anya ufunguo leo, umemzika akiwa anapumua. Hajui kukaa nyumbani."

"Na akituua?"

"Ndio maana mimi naongea," akasema.

Sikuelewa hadi niliposafiri nao. Nilikaa nyuma, nimebanwa na trei, magunia ya sukumawiki yakinigusa shingo, na Mama Nekesa alianza kuongea tukitoka getini na hakunyamaza hadi Salgaa. Nilikuwa nimemjua kama mmbea. Siku ile niliusikiliza umbea wake. "Mayi! Huyu wa bodaboda kushoto amebeba godoro, si atapeperuka! Sasa ona lori ya mbele, breki taa zinawaka mchana yote, ni kama anaogopa bibi yake. Na huyu wa kijivu anatupita na kiburi, mwache, mwache aende kwa kaburi lake. Shimo ya juzi bado iko pale, county haina aibu." Mama alikuwa akicheka, akisema "wewe Mama Nekesa," huku gari likikwepa godoro, likipunguza mwendo nyuma ya lori, likimwachia nafasi yule wa kijivu, likizunguka shimo. Mwanamke mmoja alikuwa akiona na mwingine akiendesha, na baina yao palikuwa na utani tu. Kuanzia siku hiyo kila walipoondoka nilisugua trei zilizokwisha kuwa safi, nikisikiliza honi za barabara kuu, na walipochelewa hata kidogo niliwaona wote wawili wamelala kwenye majani kando ya lami, mayai yakiwa yamewamwagikia. Jumamosi nilizisugua zile rimu hadi nikaona uso wangu ndani yake, nikitoa mafuta tundu kwa tundu. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu, kuiondoa sala yao.

Kisha binti yake Mama Nekesa akajifungua Bungoma, naye akaenda kumuuguza. Mama alisema ataenda Salgaa peke yake. Nikasema nitamsaidia kubeba trei, na nikaketi mbele kabla hajajibu. Kwenda kulikuwa kuzuri kiasi. Barabara ilikuwa kavu, na aliijua kama alivyojua korido ya nyumba yake. Lakini tulikuwa na mteja mmoja aliyehamishia hoteli yake juu, baada ya Salgaa, karibu na Sachangwan, na tulipokuwa tukihesabiwa trei tupu mvua ikaanza. Tulipogeuza gari kushuka, mlima wote ulikuwa wa rangi ya sufuria.

Sikuweza kuongea. Nilikuwa nimejiandaa juma zima, nimejitungia hata vichekesho, lakini hofu ilinikaba kama mfupa wa samaki. Mbele yetu taa nyekundu za malori zilishuka moja nyuma ya nyingine, na harufu ya breki zilizochomeka iliingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Vipangusio vilikwenda na kurudi. Mguu wa Mama haukuondoka juu ya breki.

"Mbona umenyamaza?"

"Sina la kusema."

"Sema chochote."

Nikashika mkanda wa kiti. Gari lilianza kwenda polepole kuelekea kulia, kama mtu anayesinzia.

"Nyambura," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya amina. "Niambie barabara."

Hapo ndipo mfupa ulipotoka. "Kuna lori mlangoni pako. Linatupita. Usiende kulia, Mama, usiende, kaa hapo hapo." Akarudisha usukani. Trela lilipita karibu sana hivi kwamba kioo chake cha pembeni kiligonga chetu na kukikunja, na maji yake yakatufunika hata nami nikawa kipofu. Nikaendelea kuongea ndani ya yale maji, maana nilijua nikinyamaza tutakufa. "Limepita. Mbele kuna tangi la maziwa, tuko mbali nalo, punguza kidogo. Nyoosha kushoto. Hapo. Kuna mama anauza viazi, amejifunika gunia kichwani, anafanana na askofu." Mama alitoa sauti, nusu kicheko na nusu kitu kingine. "Askofu wa wapi?" akauliza. "Wa viazi," nikasema. "Anatubariki. Sasa kuna kona, shika hivyo hivyo. Kijana amevaa suti kwenye mvua hii, ameshika viatu mkononi, labda ameachwa na mchumba." Tuliteremka hivyo, mimi nikilia na kuongea, hadi nikaona mabati ya Salgaa na malori yamejipanga kando ya barabara kama ng'ombe. Nikamwambia ingia kushoto, akaingia, nikamwambia simama.

Matone ya mvua yalikuwa yakichemka kwenye magurudumu. Moshi mwembamba ulipanda mbele ya boneti. Mama aliendelea kushika usukani, na mwanamume mmoja mwenye mwavuli wa kampuni ya mbegu akagonga dirisha akasema, "Mathe, breki zako zimeiva," akaenda zake akicheka.

"Kimekunjwa tu ama kimevunjika?" Mama akauliza. Alimaanisha kioo.

"Kimekunjwa."

"Na rangi?"

Hapo nilikasirika, katikati ya hofu yote ile. "Mama, karibu tufe na unaulizia rangi! Hata ukipaka waksi kumi, mistari ya geti bado iko pale. Unamficha nani?"

Akageuza kichwa chote, kama alivyofanya kwa chumvi, hadi akanipata katika lile bomba lake la kuonea. "Nikufiche wewe, na ni wewe unaosha?" akasema. "Ni presha ya macho. Daktari aliniambia mwaka jana macho itaziba pole pole, na haitarudi. Nilijua hii gari ni yako. Nilikuwa nataka ikufikie ikiwa na rangi. Sikutaka nikupatie chuma."

Akachomoa ufunguo. Hakunipa mkononi, aliuweka juu ya dashibodi, kati yetu, akashuka kwenye mvua, akazunguka gari akiwa ameegemeza kiganja kwenye bati, juu ya boneti, akishika taa, akishika mlango wa kushoto uliojaa mistari ya kijani, hadi akafika upande wangu na kusimama. Nami nikahamia kwenye usukani. Akaingia akaketi nilipokuwa. Kisha akafunga mkanda akasema, "Haya. Endesha. Mimi nitakuongelesha." Akaanza: akaniambia nani alioa nani katika kila nyumba tuliyopita, hadi Ngata, hadi mjini, hadi getini, ambako alinyamaza ili nipite posti kwa utulivu. Chuo nilikwenda mwaka uliofuata, Jumamosi nikiwa dereva wa mayai, na Mama Nekesa akahamia kiti cha nyuma, akilalamika kwamba sasa hana kazi.

Juzi tulirudi kutoka Bungoma bila yeye. Gari jingine, kijivu, ila waksi ni ile ile ya kopo. Mama hakusema neno tangu tulipoondoka kwenye kaburi. Nilimwambia barabara yote: Webuye na miwa yake, kondoo wa Timboroa, trela zilizolala ubavu wa barabara zikipumua. Sachangwan tukakuta mvua. Nikashuka nikiongea, juu ya askofu wa viazi na kijana wa suti, ambao hawapo tena, na mkono wake ulikuwa umetulia juu ya mkoba kama mkono wa mtu aliyelala. Nilidhani amelala.

Tulipofika nyumbani alikataa kuingia ndani. Aliniambia nimpeleke kwenye gurudumu la mbele. Akainama taratibu, akilishika tairi, akaingiza vidole kwenye matundu ya rimu iliyokuwa bado na joto, akavitoa vikiwa vyeusi, akavisugua pamoja na kuvinusa.

"Uliogopa," akasema.

"Kidogo."

"Si kidogo. Umeshika breki mlima wote." Akabaki amechuchumaa pale, vidole vyeusi vikiwa juu ya goti la nguo yake ya mazishi, na nikaona mabega yake yakianza kutikisika. Nikachuchumaa kando yake. Baada ya muda akajipangusa pua kwa mkono ulio safi.

"Lete maji," akasema. "Na ndoo iwe ile ya magurudumu."